Mama Aliyesamehe Gazetini

Temeke, Dar es Salaam
8 Machi 1953

Dada yangu mpenzi Kokushubila,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, ila mwili umechoka kama miili yote ya watu wa Kurasini. Natumaini wewe na watoto wa shule hamjambo, na kile kifua chako kimepoa baada ya mvua. Mama naye msalimu, kama ataipokea salamu.

Unaona nakuandikia Kiswahili badala ya Kihaya chetu. Usicheke. Nimeamua tuandikiane hivi tangu leo ili nipate mazoezi, kwa sababu nataka kuwa mtunzi wa hadithi, na hadithi zinazochapwa gazetini ni za Kiswahili. Basi nimeshasema. Ukimaliza kucheka, endelea kusoma.

Kazi yangu unaijua. Kutwa nasimama ghalani Kurasini, karibu na bandari, naandika marobota ya katani yanayoingia na yanayotoka, na jioni narudi Temeke kwa miguu. Nimepanga chumba cha uani kwa Mzee Muhsin, Mwarabu mwenye duka la rejareja, ambaye baba wa babu yake ndiye aliyetoka Hadhramauti. Yeye mwenyewe hajui nchi nyingine ila hii. Mzee Muhsin hununua gazeti na kulisoma kwa sauti barazani, na watu humsikiliza huku wakisubiri kupimiwa sukari. Hapo ndipo nilipopata tamaa. Nilimwonyesha kurasa zangu mbili za kwanza akasema, "Bwana Gaudensi, hiki Kiswahili chako cha misa. Hapa dukani hajawahi kuja mtu akasema 'amin, nawaambieni' anapotaka mafuta ya taa."

Nimekufungia hadithi ya binti wa sultani aliyewakataa wachumba wote. Gazetini wameirudisha bila neno. Wewe ni mwalimu, nieleze ina kasoro gani, na unieleze kweli. Mama usimwambie kwamba naandika.

Mimi mdogo wako,
Gaudens


Bugabo, Bukoba
2 Aprili 1953

Mdogo wangu Gaudens,

Marahaba. Barua yako imefika, na kifua kimepoa, ahsante kwa kuuliza. Watoto wa shule hawajambo, mimi ndiye nimechakaa. Mama anaumwa magoti lakini bado anakataa mtu asimshikie jembe.

Salamu zako nilimpa. Aliniuliza kama nimefunga mlango wa jikoni. Tangu ulipotoka seminari ukaenda Dar bila kumuaga, jina lako halitaji, na akibanwa sana husema "yule wa pwani". Sasa ni miaka saba. Kijiji kizima kilikuwa kinamwita Mama Padri, na yeye akiitika kabla padri hajapatikana. Siku hizi wapo wanaomwita hivyo kwa kumcheka. Najua unayajua haya. Nayarudia kwa sababu mimi ndiye ninayekaa nayo.

Sasa hadithi yako. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa wajibu tu. Binti wa sultani anazimia kila ukurasa. Wewe umemwona sultani wapi? Halafu unaandika "alihuzunika mno". Watoto wangu wa darasa la nne nao huandika alihuzunika mno, na mimi huwawekea alama nyekundu. Mama alipopata habari kwamba umeacha seminari hakuhuzunika mno. Alichukua mundu akaenda kukata majani makavu ya migomba ambayo alikwisha kuyakata asubuhi. Alizunguka shamba zima akitafuta jani la kukata. Hilo ndilo la kuandika.

Tena acha kutoa mafundisho mwishoni, mapadri wapo kwa kazi hiyo. Anza na nyumba uliyolala ndani yake. Na ujaribu kuandika kwa "mimi", labda utaona aibu ya kudanganya.

Dada yako,
Kokushubila


Temeke, Dar es Salaam
17 Mei 1953

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hali yangu si mbaya, nilipata homa siku chache lakini kwinini imeniinua. Natumaini magoti ya Mama yamepata nafuu na wewe unapata usingizi.

Barua yako ilinikasirisha, nisikufiche. Niliiweka chini ya godoro nikasema huyu anadhani bado ananifundisha kushika kalamu. Kisha nikaitoa tena. Habari ya mundu sikuwa nikiijua. Miaka yote hii nilidhani Mama alilia, kisha akanyamaza, basi. Nilikaa nayo ile habari hata nikapitisha robota bila kuliandika, na msimamizi akanitukana mbele ya wapagazi.

Sasa najifunza barazani. Nakaa juu ya sanduku tupu la chai kwa Mzee Muhsin na kusikiliza watu. Nimegundua kwamba mtu akiulizwa jambo linalomuuma hujibu jingine. Juzi mkewe Mzee Muhsin, Bi Mahfudha, alikuwa na macho mekundu. Jirani akamuuliza, "Kulikoni, mwenzangu?" Akasema, "Huu mchele wa safari hii una chuya, mie nimechoka kupepeta." Nikasema moyoni, huyu na Mama wangekaa pamoja wangeelewana bila kusema neno.

Nimefuata shauri lako. Nimeanza hadithi nyingine, naiita "Migomba ya Mama", na nimeandika kwa "mimi". Ni kijana aliyetoroka seminari, na mama yake nyumbani anaugua. Kikohozi nimekitunga, Mama wetu hakohoi. Mundu nimeutia. Ni kazi ya kuchosha, dada. Natoka kazini miguu imevimba, naandika mistari mitatu, naifuta miwili. Jana jioni kazi yangu yote ilikuwa kuondoa neno "mno" kila lilipokaa. Mwisho sijaupata. Nakutumia nilipofika.

Mdogo wako,
Gaudens


Bugabo, Bukoba
10 Juni 1953

Gaudens mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa homa. Sisi wazima. Mama amempokea mbuzi wa jirani yetu Sesilia amtunzie na sasa wanagombana na mbuzi huyo kutwa.

Nimesoma "Migomba ya Mama" nikiwa stoo ya shule, nimesimama, nikasahau kengele. Watoto walifurahi. Nilipofika pale mama anapoficha kitambaa chenye damu chini ya mkeka nilijua kabisa kwamba ni uongo, na bado jioni nilitoka nyumba ya walimu nikatembea hadi nyumbani kumwangalia Mama kama yupo. Aliniuliza nimefuata nini katikati ya juma. Nikasema nimefuata chumvi. Kwa hiyo umeweza, nami sina la kukufundisha zaidi isipokuwa madogo haya: punguza mvua, kila mtu akisikitika kwako mvua inanyesha, na padri wa hadithini anasema sana, mkatize.

Lakini mwisho uko wapi? Nitumie kabla hujaupeleka popote. Hadithi hii si yako peke yako, humo ndani tumo sote, na mwenyewe hasa hajui hata kwamba yumo.

Dada yako,
Kokushubila


Temeke, Dar es Salaam
20 Agosti 1953

Dada yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Natumaini hamjambo nyote. Mimi leo siwezi hata kusema nimechoka.

Wameichapa. Imejaza ukurasa mzima, na jina langu juu. Najua ulitaka kuuona mwisho kwanza, unisamehe. Mwisho huo ulinijia Jumapili moja baada ya misa, nikauandika wote bila kufuta neno, jambo ambalo halijapata kunitokea, na kesho yake nikaupeleka kabla sijauogopa. Nilidhani utaniambia niubadilishe.

Sasa sikiliza yaliyotokea hapa. Mzee Muhsin alifungua gazeti barazani kama kawaida yake, mimi niko uani nanawa. Akasoma. Nilisikia watu wananyamaza mmoja mmoja, hata yule muuza maji ambaye hanyamazi. Alipofika mwisho hakuna aliyeomba sukari. Mzee Muhsin akafunga duka upande mmoja, akaja uani akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mwanangu, mbona hukutuambia una msiba?" Haukupita muda Bi Mahfudha akaleta sinia la wali, na wanawake wa jirani wakatandika mkeka. Karani mwenzangu Gaspar alikuja kutoka Kurasini na kofia mkononi.

Dada, nilifungua kinywa niseme kwamba ni hadithi, kwamba mama yangu ni mzima anagombana na mbuzi. Sikusema. Nilikuwa na furaha. Walikuwa wanamlilia mtu niliyemtunga mimi, juu ya sanduku la chai, na machozi yao yalikuwa machozi kweli. Nikasema nitawaambia kesho. Kesho hizo zimepita kadhaa, na kila ipitapo moja kusema kunazidi kuwa kugumu. Unipe shauri.

Mdogo wako,
Gaudens


Bugabo, Bukoba
24 Agosti 1953

Gaudens,

Leo sikuulizi hali. Ya kwako kama imo njiani sijaipata, na sijui kama nitataka kuisoma.

Katekista wetu Adelard huwasomea watu gazeti nje ya kanisa baada ya misa, kwa wale wasiojua kusoma. Unamjua, alikufundisha wewe sala. Jumapili iliyopita alisoma bei ya kahawa, akasoma habari ya daraja lililobomoka, kisha akakuta jina lako, na maneno "siku ile mama yangu alipofariki", na jina la kijiji chetu. Uliandika jina la kijiji, Gaudens. Mundu nilikupa mimi, na ile "mimi" nilikupa mimi, lakini kijiji je? Watu hawa hawajapata kusikia kwamba gazeti linaweza kueleza jambo ambalo halikutokea. Kwao bei ya kahawa ni kweli, daraja ni kweli, na mama yetu Apolonia amekufa.

Mama mwenyewe alikuwa Ihangiro, kwa mama mdogo Yuliana, amekwenda kumuuguza. Walimwona akiondoka na hawakumwona akirudi, basi wakasema amefia huko, na mwanawe wa Dar ndiye aliyepelekewa simu. Kufikia mchana uani kwetu kumejaa. Wametandaza nyasi mpya ndani, wamekata mikungu yake bora ya ndizi, wamepika, na Adelard amekwenda kuomba misa ya wafu. Mimi niliitwa kutoka shuleni. Nikawaambia ni hadithi, ameitunga, mimi mwenyewe niliisoma. Wakanikalisha chini wakanipa maji. Sesilia akasema, "Mwacheni mwalimu, msiba umemchanganya." Adelard akawasomea tena waliochelewa, na hapo ndipo nilipousikia ule mwisho wako kwa mara ya kwanza: kijana anafika, mama anamshika mkono anasema, "Sina neno nawe, mwanangu, nenda kwa amani," anakata roho. Watu wakapiga kelele za kilio.

Mama akarudi Jumanne. Alisikia kilio tangu njia panda. Akatua mzigo wake akaanza kulia naye, kama mtu yeyote mwenye adabu anapokaribia msiba, akaingia uani kwake analia, akauliza, "Jamani, ni nani?" Wanawake wameinama, hawatazami. Wakamjibu, "Ni Apolonia, maskini." Mama akalia zaidi, akauliza, "Apolonia yupi?"

Hapo Sesilia akainua uso. Alikimbia hadi barabarani, na mpaka leo anasema kiuno kinamuuma.

Hakuna aliyecheka siku ile. Baadaye walicheka, Mama akiwa hayupo, na hilo naye analijua. Alipotulia aliuliza nani amesema kwamba amekufa. Adelard akajibu, kwa heshima yote, "Ni mwanao Gaudens, mama, gazetini." Jina lako halikuwa limetajwa uani humo tangu ulipoondoka. Mama alichukua fagio akaanza kuzitoa zile nyasi, watu wakiwa bado wamezikalia.

Nimechoka, Gaudens. Nimechoka kusimama katikati yenu. Usiniandikie kwa sasa.

Dada yako,
Kokushubila


Temeke, Dar es Salaam
30 Septemba 1953

Dada,

Shikamoo. Uliniambia nisiandike na nimejizuia nilivyoweza.

Sina la kujitetea. Jina la kijiji niliandika kwa sababu kila jina nililolitunga lilisikika la uongo, nami ulinifundisha nione aibu ya kudanganya. Sikulaumu, nakueleza tu lilivyotokea. Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila nifikapo pale anapouliza "Apolonia yupi", najishika kichwa. Kisha, nisikufiche, kichwa kile kile kinasema: hapa ndipo pazuri kuliko mahali pote katika hadithi yangu, na si mimi niliyepatunga. Ndiyo hali niliyofikia. Mama yangu anaaibika na mimi naona pazuri.

Mwambie naomba radhi. Au usimwambie, fanya unavyoona.

Mdogo wako,
Gaudens


Temeke, Dar es Salaam
6 Desemba 1953

Dada Kokushubila,

Shikamoo. Sijapata jibu, na sikulazimishi. Nauliza hali tu: magoti ya Mama, kifua chako.

Nimewaambia watu wa hapa. Mzee Muhsin alisema yeye amemsomea dua mama yangu mara nyingi, na sasa hajui dua hizo zitakwenda kwa nani. Tangu siku hiyo akifika ukurasa wa hadithi anaupita. Bi Mahfudha yeye hakukasirika. Alikuwa anapepeta mchele, akauliza, "Kwa hiyo mamako yu hai?" Nikasema yu hai. Akasema, "Anaumwa?" Nikasema magoti tu. Akapepeta kidogo, akasema, "Sasa wewe unafanya nini hapa kwetu?"

Nikasema huu mchele wa safari hii ni mzuri, hauna chuya. Nikaingia chumbani. Sijaandika kitu tangu hapo, hata mstari.

Noeli njema kwenu.

Mdogo wako,
Gaudens


Bugabo, Bukoba
15 Februari 1954

Mdogo wangu Gaudens,

Marahaba kwa shikamoo zote nilizoziacha bila kujibu. Kifua changu kilinisumbua Noeli, sasa afadhali. Mama hajambo, na ndiye anayenifanya niandike.

Baada ya mambo yale alifanya jambo ambalo halijapata kusikika huku. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuwashukuru waliokuja kumlilia. Anaingia, anakaa, anasema, "Nimekuja kutoa ahsante, mlinililia vizuri." Wengine walitetemeka. Na ambao hawakuja msibani anawajua wote, wala yeye hawasalimu. Mke wa Adelard ameniambia hakuna mtu parokiani anayejua kupendwa kwake kama Mama anavyojua sasa.

Kisha wiki iliyopita, tukimenya ndizi, akasema nimsomee yale ya gazetini. Nilidhani anatania. Nikamsomea, nikiyageuza kwa Kihaya. Akasema tena. Nikasoma tena. Siku ya pili akasema tena, na mara hiyo aliniacha nifike mwisho, akaweka kisu chini akaanza kusema, Gaudens, kama mwalimu mkuu anayekagua darasa.

Kikohozi amekikataa. "Mtu hakohoi hivyo, huyu hajapata kuuguza mtu." Kitambaa chini ya mkeka amekikubali. Penye mundu aliuliza nani alikuambia. Nikasema mimi. Akasema, "Nilidhani hukuniona."

Halafu akasema, nami naandika kama alivyosema: "Ubaya si kwamba nimekufa humo. Kila mtu atakufa. Ubaya ni kwamba yule mama amesamehe upesi. Mwana hajabisha hodi vizuri, hajaomba, hajaeleza alikula wapi na kulala wapi miaka yote hiyo, mama kishamshika mkono. Sina neno nawe! Nani amesema sina neno? Nina maneno mengi mimi. Ameninyang'anya maneno yangu, amenisemea."

Mimi nimefundisha insha tangu ulipokuwa unavaa kaptura, na kosa hilo sikuliona. Niliona jina la kijiji tu. Ulinieleza kwamba mwisho ulikujia mzima, bila kufuta neno. Bila shaka. Ulijiandikia msamaha wako mwenyewe, ukauchapisha, na watu wa Temeke na wa Bugabo wakaulilia, na anayepaswa kuutoa alikuwa Ihangiro anamkanda mdogo wake miguu. Sikasiriki tena. Nimehuzunika tu, na sitatia "mno".

Dada yako,
Kokushubila


Temeke, Dar es Salaam
20 Aprili 1954

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Namshukuru Mungu umeandika. Mimi ni mzima, ila mvua zimejaza maji njia yote ya Kurasini na kila siku nafika kazini suruali imelowa magotini.

Alichosema Mama ni kweli. Nilikaa nacho, sikukasirika hata kidogo safari hii, nilichoka tu, kama mtu aliyekuwa ameshikilia mlango miaka mingi na sasa mikono imekataa. Nikaandika mwisho mwingine. Nimekufungia humu. Kijana anafika uani, mama anafagia. Anamwona. Haachi kufagia. Anafika kwenye miguu yake, anaizunguka kwa fagio, anaendelea upande wa pili. Hapo nimekwama. Nimejaribu kumfanya mama aseme, na kila ninaloandika ni langu, si lake. Nimefuta yote. Nikapeleka hivyo hivyo gazetini, ikarudi safari hii na barua: wanasema naandika vizuri, lakini wasomaji wanapenda mama asamehe, niwarudishie ule mwisho wa kwanza nao watanipa nafasi kila mwezi. Kila mwezi, dada. Sijawajibu.

Nimepewa likizo, mwezi mzima wa Juni. Ndiyo ya kwanza ndefu tangu niajiriwe. Nilifikiri kuja. Nilikwenda hata stesheni kuuliza treni ya Mwanza na meli ya huko ziwani. Kisha nikarudi. Naogopa, nasema wazi. Naogopa lile fagio. Nadhani nitakaa hapa hapa Temeke, niipanue hadithi hii iwe kitabu, niumalize mwisho wake kwa utulivu. Mwaka mwingine nije na kitabu mkononi. Ni afadhali kuja na kitu kuliko kuja mikono mitupu baada ya muda wote huu. Naomba unielewe.

Mdogo wako,
Gaudens


Bugabo, Bukoba
9 Mei 1954

Gaudens,

Marahaba. Sisi wazima.

Nilimsomea Mama mwisho mpya. Alisikiliza hadi penye fagio, akasubiri, akauliza, "Kisha?" Nikamwambia hapo ndipo ulipokwama. Akasema, "Atajuaje, na hayupo?" Nikamwambia na habari ya likizo, na ya kitabu. Alikwenda shambani, mimi nikajua tumefika pale pale pa siku zote. Lakini alirudi upesi, akanawa mikono, akaniambia nichukue karatasi. Mimi nimegeuza Kiswahili tu, sikuongeza wala kupunguza. Yangu yameishia hapa.

Dada yako,
Kokushubila

Gaudens,

Mimi ni Apolonia. Nasema mwenyewe, dada yako anaandika.

Sijafa. Kusamehe pia bado. Yote mawili nitayafanya, maana nimezeeka na nimechoka, lakini sitaki kuyafanya tena wewe ukiwa Dar.

Usije na kitabu. Njoo.

Mama yako